Lushoto mwezi wa Julai: mtaona kitu, au ukungu mtupu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa Tabata. Mume wangu amepata likizo wiki ya pili ya Julai, nasi pamoja na binti yetu wa miaka 13 tunataka kwenda Lushoto kutembea milimani, siku nne au tano hivi. Tumeona picha za Irente na Mtae zikatuvutia. Ila jirani yangu alikwenda Julai ya mwaka jana, akarudi akisema aliona ukungu mtupu na baridi ikamtoa machozi. Je, tuahirishe? Tunaweza kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae? Ni lazima tuwe na mwongozaji? Na tubebe nini, maana sisi ni watu wa joto? Mume wangu anapenda historia, binti anapenda wadudu na wanyama wadogo, mimi nataka kupumzika tu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani yako hakudanganya hata neno moja. Nami bila kumjua naweza kukusimulia safari yake: alishuka kwenye basi jioni, akalala, saa moja asubuhi akapanda bodaboda hadi Irente, akasimama kwenye mwamba akatazama weupe kama shuka lililoanikwa, akapiga picha mbili za weupe huo, saa nne akawa stendi anatafuta gari la kurudi Mombo. Nimekuwa bwana miti huku tangu kijana na sasa nimestaafu; watu wa namna hiyo nimewaona wengi mno. Wanaondoka saa ileile ukungu unapoanza kunyanyuka.

Msiahirishe. Njooni Julai hiyohiyo, ila mbadilishe mpango.

Kwanza uelewe ukungu wenyewe unatoka wapi, maana ukishaelewa utajua wa kuukimbia na wa kuufuata. Lile kusi linalovuma pwani kuanzia Aprili hivi, ambalo wavuvi wa Tanga wanalihesabu siku zake, linakuja limebeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Linapita juu ya tambarare za Muheza na Korogwe bila kikwazo, halafu linagonga ukuta wa milima hii yetu ya Usambara. Halina pa kwenda ila juu. Likipanda linapoa, na unyevu wake unageuka wingu. Mtu aliye Mombo, chini ya mlima, akitazama juu husema mlima umevaa wingu. Mtu aliye msituni Magamba, juu ya Lushoto, ndani ya wingu hilohilo, husema leo kuna ukungu. Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndicho kilele chake.

Sasa ukifika huku, nenda ukasimame kwenye barabara ya vumbi inayokatiza msitu, asubuhi ambayo haijanyesha hata tone. Katikati ya barabara ni pakavu, unaweza kuketi. Songa hatua tatu chini ya mti mkubwa: kichwani unadondokewa matone, ardhi imelowa, na shina lote limevaa kuvumwani la kijani ambalo ukilibonyeza kwa kidole linatoa maji kama sifongo. Mvua haikunyesha. Mti umeyachuja maji hayo kutoka kwenye ukungu kwa majani yake, na mengine yanashuka ardhini yakaingia kwenye chemchemi. Kule Usambara Mashariki kazi hii ndiyo inayolisha mto Zigi, ambao jiji la Tanga linaunywa.

Na ndiyo sababu kuna viumbe hapa ambavyo duniani kote havipo penginepo. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, ule mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Sehemu nyingine za Afrika zilipokauka zama za kale na misitu ikageuka nyika, bahari iliendelea kuinywesha milima hii. Kila mlima ukabaki kama kisiwa cha msitu, na walionaswa juu yake wakaendelea kuwa wa peke yao. Kwa hiyo ukiona ukungu, mwambie binti yako kwamba huo ndio ulioulea msitu aliokuja kuutazama.

Haya, twende kwenye saa. Katika kipupwe, asubuhi mabonde yamejaa mpaka shingoni. Kuanzia saa nne au saa tano unaanza kuchanika, vipande vya mashamba vinatokeza, unaona paa la bati linawaka jua kisha linamezwa tena. Saa saba mpaka saa kumi ndiyo dirisha lenu. Jioni unarudi. Zipo siku hauondoki kabisa, na huwezi kuzijua kabla, ndiyo maana anayelala usiku mmoja anacheza bahati nasibu. Anayelala minne ana nafasi kubwa ya kupata alasiri moja au mbili nzuri.

Kwa hiyo Irente msiende alfajiri hata mkibembelezwa na mtu wa bodaboda. Nendeni kwa miguu kutoka mjini, ni kama kilomita sita za kupanda taratibu, mkitoka saa tano. Njiani lipo shamba la Irente la Walutheri. Hapo mtakula mkate wa shayiri nyeusi, jibini na jemu za kwao, na ukitaka kupumzika tu, mwanangu, kaa hapo chini ya miti uwaache wenzako waendelee. Wao wafike mwambani saa tisa. Pale mlima unakatika ghafla kama umekatwa kwa panga, na chini, karibu mita elfu moja, unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu ya Moshi ikiwa nyembamba kama uzi. Ukingo huu umeelekea upande wa nyika kavu, na mara nyingi wingu linapomwagikia huko chini kwenye joto linayeyuka. Nimeshatoka Lushoto mjini nikiwa sioni mkono wangu, nikafika Irente nikavua koti. Ila mwamba hauna uzio, na ukilowa unateleza. Mshikeni binti mkono, asiachwe kupiga picha akirudi kinyumenyume.

Kuhusu Lushoto hadi Mtae kwa miguu. Inawezekana, watu wanakwenda kwa siku tatu hadi tano kupitia Magamba, Rangwi ambako masista hupokea wageni, na kandokando ya msitu wa Shagayu. Ni njia nzuri kuliko zote ninazozijua huku. Lakini kwa mtoto wa miaka 13 asiyezoea vilima, na baba na mama wa Tabata ambao nadhani matembezi yao marefu ni kutoka kituoni hadi nyumbani, siishauri mwezi wa Julai. Ramani haionyeshi kwamba Usambara hakuna tambarare. Kijiji unachokiona ng'ambo, ambacho ukipaza sauti mtu atakuitikia, kinaweza kukuchukua saa mbili: unashuka mpaka mtoni, unapanda tena, na udongo mwekundu unakushika kisigino kila hatua.

Mimi mwenyewe, mwenyeji, nimepotea huko. Nilikuwa natoka Shagayu peke yangu, Julai kama hii, nikamwambia mwenzangu sihitaji kusindikizwa. Ukungu ukashuka saa tisa. Njia za ng'ombe na njia za watu zinafanana mno usipoona mbele zaidi ya mita kumi. Nikasikia adhana ya alasiri, nikafurahi, nikaifuata. Nilitembea karibu saa nzima nikielekea kwenye sauti, na adhana ilikuwa imekwisha zamani, nikawa nafuata kumbukumbu. Kumbe msikiti ulikuwa mgongoni mwangu, sauti ilikuwa imegonga jabali la ng'ambo ikarudi. Aliyeniokoa ni mtoto wa miaka kama tisa mwenye mzigo wa kuni kichwani, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Babu, unakwenda wapi huku? Huku hakuna watu." Tangu siku hiyo nikiwa kwenye ukungu nisioujua, nakaa chini. Ukungu wa huku unatembea. Ukikaa nusu saa mara nyingi utakufungulia mlango, na usipofungua angalau hujaenda mbali na njia.

Ninachowashauri ni hiki. Siku tatu mkae Lushoto au karibu na Magamba, mtembee mchana na kurudi kulala kitanda kilekile. Siku ya nne mpande gari hadi Mtae, mlale huko, siku ya tano mrudi. Mtae iko juu ya mgongo mwembamba wa mlima kama mtu aliyepanda farasi, nyumba zinatazama bonde huku na huku. Kaskazini ni nyika ya Mkomazi, na siku ya neema unaiona milima ya Pare na hata Kilimanjaro. Kwa Julai Kilimanjaro msiihesabie. Safari yenyewe ya gari inatosha: inapita Lukozi kwenye magunia ya kabichi na karoti, inakatiza nchi ya juu baridi, na utingo atakwambia habari zote za dunia bila kuulizwa.

Msitu wa Magamba ndio roho ya safari yenu. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na hamwingii kimyakimya: mnapitia ofisini kwao, mnapewa namba ya malipo ya serikali, mnalipa kwa simu au benki, mnapewa risiti na mwongozaji. Kwa hiyo ndiyo, ndani ya hifadhi mwongozaji ni lazima, na nje ya hifadhi ningesema ni lazima pia japo hakuna atakayewakamata. Vijana watawapokea mkishuka tu Mombo. Wengi ni watoto wazuri wanaotafuta riziki, wachache ni wajanja. Msimpe mtu fedha taslimu stendi kwa maneno ya "kiingilio kiko ndani ya bei". Kipimo changu ni kimoja: tembea naye hatua mia kijijini, mtazame anavyosalimiana na bibi wa kwanza mtakayekutana naye. Wasambaa hawasalimii kwa haraka. "Onga maundo" ya asubuhi ina habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za jana. Kijana anayesimama akaimaliza yote, huyo ni wa hapa, na mkipata shida kila mlango utafunguka. Anayepunga mkono akapita, mwache apite.

Ndani ya Magamba mtawaona mbega, wale weusi wenye joho jeupe mabegani, wakiruka juu ya miti kama mapazia yanayopeperushwa, na kima pia. Miti mtakayoambiwa ni mkulo, ambao ukikwangua gome lake kidogo linanukia kafuri. Mababu zenu wapwani wamelalia vitanda vyake na kupaki nguo kwenye masanduku yake. Ulikatwa sana. Upande wa Shume palikuwa na mwangati, na hapa mume wako atakunjua daftari: Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma angani, kuteremshia magogo ya mwangati kutoka Shume hadi Mkumbara kwenye reli, mteremko ambao mbuzi anaufikiria mara mbili. Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal. Kabla yao, utawala ulikuwa Vuga, kwa Wakilindi, ukoo ulioanzishwa na Mbegha mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu. Mzao wa nasaba hiyo, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, alitawala kutoka milimani hadi pwani, na mmisionari Krapf alimpandia huko 1848. Vuga si mbali na Soni. Mwulize mwongozaji awapeleke kwa wazee, na mwende na adabu, si na kamera mbele.

Binti yako namtengea usiku. Baada ya saa moja na nusu jioni, chukueni tochi na mwongozaji, mtembee polepole kando ya msitu mkimulika vichaka vya usawa wa kifua. Mchana kinyonga humwoni hata akiwa mbele ya pua, amekuwa jani. Usiku analala kwenye ncha ya kijiti, mkia umejikunja kama skrubu, na rangi imemtoka: kwenye mwanga wa tochi anang'aa mweupe-weupe, kama mtu ameanika kitambaa kidogo. Ncha ya kijiti ndiyo kengele yake. Nyoka akitambaa kijiti kinatikisika, naye anajiachia aanguke. Usambara ina vinyonga wa aina kadhaa, wakiwemo wakubwa ambao dume lao lina pembe tatu puani. Mtazameni dakika mbili, mzime tochi, mwendelee. Asishikwe. Na mkikutana na mtoto kando ya barabara amembeba kinyonga kwenye fimbo anataka shilingi mpige picha, msitoe, maana mkitoa kesho watakuwa watano.

Nyoka utaniuliza, najua. Wapo, mmoja ana vijipembe juu ya macho na haishi popote nje ya milima ya Tanzania, na katika miaka yangu yote nimemwona mara chache mno, kila mara akiwa amelala. Siafu ndio watakaowasumbua. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka, usisimame kuushangaa.

Mavazi. Usiku wa Julai Lushoto, ambayo iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hushuka mpaka karibu nyuzi 10, na huko Shume na Magamba juu zaidi zinapungua tena. Kwa mtu wa Tabata hiyo ni friji. Msinunue jaketi moja kubwa. Vaeni tabaka: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, kisha koti jepesi la mvua juu, maana mkipanda mtatoa jasho na mkisimama jasho hilo litawagandisha. Kofia ya sufu na soksi mbili za kulalia. Viatu, pitieni Karume kwenye mitumba mtafute vyenye meno chini, mvivae wiki mbili hapo mtaani kabla ya kuja. Raba nyeupe zibaki nyumbani. Njia zikiwa tope, mabuti ya mpira yanauzwa Lushoto sokoni, wenyeji tunavaa hayo na hatuoni haya.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Baridi ikiwazidi mtashawishika kuomba jiko la mkaa liingizwe chumbani. Msikubali, hata mkiambiwa wengine hufanya hivyo. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, unasinzia kwa raha na huamki. Ombeni blanketi la tatu, ombeni maji ya moto kwenye chupa muiweke miguuni. Na kabla hamjalipia nyumba ya wageni, fungueni bomba la maji ya moto wenyewe mhakikishe, "yapo" ya mapokezi isiwatoshe.

Barabara: kutoka Mbezi kuna mabasi yanayofika Lushoto moja kwa moja, mkikosa, shukeni Mombo mpande Costa au Noah. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu lakini ni kona juu ya kona, korongo upande mmoja. Binti aketi mbele, ale tangawizi, asisome simu. Ondokeni Dar alfajiri ili kona hizo mzipite mchana.

Mkipita mashambani tembeeni kwenye njia, msikatize juu ya makinga maji, yale matuta yaliyopandwa majani marefu ya Guatemala pembeni. Unaweza kudhani ni kichaka. Ni mtu ameyachimba kwa mkono, na mguu mmoja ukibomoa ukingo, mvua ya vuli itaingilia hapohapo.

Kama mngekuwa mnataka picha za mbali tu, ningesema njooni Januari au Februari, anga safi, na plamsi na mapichi yamejaa barabarani. Septemba ni kavu lakini vumbi na moshi wa mashamba hufunga upeo. Machi hadi Mei msije kabisa. Na mkiipenda milima hii, safari ijayo nendeni Amani kupitia Muheza, Usambara Mashariki, msitu wa chini na wa joto zaidi, wenye bustani ya mimea ya mwaka 1902. Huko, kwenye miamba iliyolowa kando ya vijito, binti atafute kijiua cha zambarau chenye majani ya manyoya, Saintpaulia. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na leo jamaa za kijiua hicho wanakaa madirishani kwa mabibi wa Ulaya na Marekani. Cha asili mkitazame tu, msing'oe. Amani chukueni chandarua, mbu wapo.

Tiketi ya kurudi kateni siku moja kabla, Jumapili magari hujaa. Likisimama Soni wauza mboga watakuja dirishani. Chukua fungu la karoti umpelekee yule jirani, na mwambie Irente ni saa tisa alasiri.